Msimu wa Matope, Msimu wa Mavuno: Wanawake wa Dakawa na Mitindo Yao

Huko Paris nguo za joto huonyeshwa Septemba, na za baridi huonyeshwa Februari na Machi. Miezi mingi hupita kabla ya wakati wake wa kuvaliwa kufika, ili wenye maduka waagize na viwanda vishone. Utaratibu huo ulianza kuota mizizi katika karne ya 19, Mwingereza Charles Frederick Worth alipofungua nyumba yake ya mitindo mjini humo mwaka 1858 na kuwazoesha wake wa matajiri kusubiri mavazi mapya kila majira yanapobadilika. Tangu hapo mwaka wa mitindo umekatwa vipande viwili, na habari zake husambaa hadi kwenye simu za wasichana wanaosubiri basi pale stendi ya Msamvu, Morogoro, zikitangaza rangi ya msimu kana kwamba theluji huanguka Dumila.

Msikilizaji, Dakawa mwaka haukatwi hivyo.

Dakawa ipo kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, na Mto Wami unapita jirani. Kuna skimu ya umwagiliaji ya takriban hekta 2,000, kituo cha utafiti wa mpunga, na wakulima wengi wanaopanda SARO 5, mbegu ambayo kwa lugha ya watafiti inaitwa TXD 306. Kalenda ya mavazi hapa hutoka kwenye majaruba. Machi hadi Mei ni masika, na udongo mweusi wa tambarare hugeuka uji unaonata. Juni na Julai mpunga hutoka shambani na pesa huingia mifukoni, asubuhi zikiwa za kipupwe. Agosti na Septemba kadi za michango ya harusi huzunguka nyumba kwa nyumba. Desemba vikundi vya vikoba huvunja mzunguko na wanachama hugawana akiba. Januari kila shilingi huenda kwenye sare za shule na madaftari. Anayetaka kujua mwanamke wa Dakawa atavaa nini mwezi ujao aulize kwanza mpunga umefikia wapi.

Kwa hiyo mtindo wa msimu katika mazungumzo haya si rangi iliyochaguliwa na kampuni ya Marekani. Kampuni hiyo, Pantone, hutangaza rangi ya mwaka, na kwa mwaka 2025 iliteua hudhurungi laini ikaipa jina la Mocha Mousse, yaani kama kahawa iliyochanganywa na maziwa. Wanawake wanaovuka daraja la Wami wakati wa masika wanaijua rangi hiyo vizuri mno, na juhudi zao zote ni kuizuia isifike kwenye pindo la gauni.

Tuanze hapo hapo kwenye pindo. Masika ya Dakawa hayana huruma na gauni linaloburuta. Udongo wa mbuga ukilowa hushika kitambaa, ukikauka huwa mgumu, na ukipikichwa kabla haujakauka vizuri huingia ndani ya nyuzi na kuacha doa. Wanawake waliozoea huuacha ukauke kabisa, huukung'uta, ndipo huloweka nguo. Mafundi wenye akili hushauri gauni la masika likomee chini kidogo ya goti au katikati ya muundi, mahali ambapo tope la kawaida halifiki. Urefu huo umerudi kupendwa hata mijini, na kwa bahati njema ndio unaofaa zaidi kwenye vichochoro vya Dakawa.

Viatu navyo vina siri zake. Ndala humfanyia mwenyewe fitina: kila hatua kisigino chake hurusha vitone vya matope nyuma ya miguu, vikapanda hadi makalioni. Aliyevaa sketi nyeupe hatajua mpaka afike kanisani na kuona watu wa benchi la nyuma wakinong'onezana. Yeboyebo, vile viatu vya plastiki vilivyofunika vidole, havina tabia hiyo na huoshwa kwa kopo moja la maji. Desturi ya kutembea na yeboyebo huku viatu vya heshima vikiwa kwenye mfuko ipo tangu zamani, ila mfuko umebadilika. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kikapu cha ukindu kilirudi mkononi, na si siri kwamba kikapu kizuri chenye vishikio vya ngozi kinapendeza kando ya kitenge kuliko mfuko wowote wa rambo.

Rangi za masika ziwe zenye michoro. Doa dogo kwenye kitambaa cha maua madogo madogo halionekani, lakini kwenye kitambaa kitupu cha rangi ya maziwa huonekana toka ng'ambo ya barabara. Damu ya mzee, ugoro, bluu iliyokolea, kijani cha jani la mgomba: hizi ndizo rangi za miezi mitatu ya mvua. Nyeupe isubiri.

Hapo ndipo mwezi unapoleta mtihani. Sikukuu za Waislamu hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 hadi 12. Mwaka 2023 Idi el-Fitr ilikuwa 22 Aprili, mwaka 2024 ilikuwa 10 Aprili, na mwaka 2025 ikawa 31 Machi. Yaani kwa miaka kadhaa mfululizo sikukuu yenye abaya ndefu, madera ya kumwaga na mitandio iliyotariziwa imeangukia mvua zikiwa zimepamba moto au ndiyo zinaanza. Wasichana wameenda kutembelea mashangazi wakiwa wameshika mapindo kwa mikono miwili. Lakini mambo yanageuka. Mwaka 2027 Idi hiyo inatarajiwa karibu na 10 Machi, na mwaka 2028 mwishoni mwa Februari, ambapo vumbi ndilo litakalotawala na siyo tope. Kwa sikukuu ya aina hiyo gauni refu jepesi halina tatizo, isipokuwa ichaguliwe rangi ya mchanga au samawati badala ya nyeusi, maana vumbi la Februari huandika kila kitu kwenye baibui jeusi.

Idi Kubwa nayo inasafiri, ila kwake ni hasara. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni, mpunga ukiwa unavunwa, na waliokuwa na magunia waliweza kununua kitambaa na kumlipa fundi taslimu. Ifikapo 2027 itakuwa katikati ya Mei, mpunga ukiwa bado shambani na ndege aina ya kwelea kwelea wakiusumbua. Mama mwenye mabinti watatu atafanya busara akinunua vitambaa vya Idi hiyo mavuno ya mwaka uliotangulia, avihifadhi kwenye sanduku, na ashone karibu na siku yenyewe kwa sababu mabinti hurefuka.

Kuna kitu kingine kilichobadilisha sketi za Dakawa, nacho kina magurudumu mawili. Kabla bodaboda hazijaenea, mwanamke aliyetoka kijijini kwenda stendi alitembea kwa miguu au alipakiwa kwenye baiskeli, na sketi ya kubana haikumsumbua sana. Bodaboda inamtaka akae kwa kutanua miguu. Sketi nyembamba isiyo na mpasuo humlazimisha ama aipandishe hadi mapajani, ama akae upande, mkao ambao dereva akikata kona kwa ghafla humwangusha abiria. Dera la kumwaga lina hatari yake: pindo likipeperuka huingia kwenye spoku au mnyororo, na ajali za namna hiyo zinafahamika kila kijiji. Ndiyo maana mtindo unaoshika sasa ni gauni lenye marinda kuanzia kiunoni, upana wa kutosha kukaa kwa heshima, urefu wa kukomea muundini, na ndani yake skintaiti. Wengine huongeza kanga moja, hujifunga kiunoni wakati wa safari na kuifungua wakifika. Fundi anayepokea kitambaa cha sketi bila kumuuliza mteja anasafiri kwa nini hajafanya kazi yake.

Inachekesha kukumbuka kwamba kuna wakati urefu wa sketi nchini hapa ulikuwa suala la chama. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukataka kuanzia 1 Januari 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kung'arisha ngozi visionekane tena. Magazeti ya Dar es Salaam yalijaa barua za wanaounga mkono na wanaopinga, na wapo wasichana waliosumbuliwa vibaya barabarani na vijana waliojipa kazi ya kupima magoti ya watu. Vimini vilirudi, vikaondoka, vikarudi tena kufuatana na mitindo ya dunia. Dakawa ya leo imefikia urefu wake wa pindo bila azimio la mtu yeyote. Tope limeupandisha, bodaboda imeutanua, na macho ya mama mkwe yameuzuia usipande zaidi.

Sasa kitambaa chenyewe, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi ya mavazi huanzia dukani na wala si kwa fundi.

Tambarare ya Wami ina joto lenye unyevu, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi. Mwili hutoa jasho na nguo hulipokea au hulikataa. Pamba hulipokea: katika hewa ya kawaida gramu 100 za pamba hushika takriban gramu 8 za unyevu kabla hata haijaonekana kulowa. Polista haifiki nusu gramu. Kwa maneno mengine, aliyevaa gauni la polista kwenye sherehe ya mchana chini ya turubai amejifunga ndani ya jasho lake mwenyewe, hata gauni liwe limekatwa vizuri namna gani. Hata hivyo polista haistahili kutukanwa tu. Hukauka upesi, na mwezi wa Aprili, ambapo nguo ya pamba inaweza kukaa kambani siku mbili ikaanza kunuka uvundo, dera la shifoni hukauka kabla ya jioni. Kwa hiyo masika polista ina nafasi yake, na kiangazi pamba haina mpinzani.

Tatizo ni kwamba vitenge vingi vinavyouzwa leo kwa bei ya chini vina sura ya pamba na tabia ya polista. Mchoro ni ule ule, mng'aro ni ule ule, na muuzaji anaapa. Mafundi wana kipimo cha zamani ambacho hakijawahi kuwadanganya: hutoa uzi mmoja pembeni na kuuchoma. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Polista huyeyuka, hunuka plastiki, na huacha kishanga kigumu kisichosagika kwa vidole. Ukiachiwa unyuzi mmoja dukani, kiberiti kitakuambia yote.

Morogoro inastahili kujua mambo ya vitambaa kuliko mikoa mingi. Mji wa Morogoro ulipewa viwanda katika miaka ya 1970 na 1980 kama bibi harusi anavyopewa vyombo: cha turubai, cha ngozi, cha viatu, na kile cha vitambaa vya polista kilichojulikana kama Polytex. Hicho cha mwisho baadaye kiliingia mikononi mwa kundi la MeTL, kwa jina la 21st Century Textiles, na khanga na vitenge vyake huvaliwa hadi nje ya mipaka ya nchi. Kile cha viatu kilikuwa na kisa cha kusikitisha. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitarajiwa kutosheleza soko la Tanzania na kisha kupeleka robo tatu ya viatu vyake Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Miongoni mwa kasoro zake ilikuwa hii: jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikuwekewa njia za kupitisha hewa, katika mji wenye joto kama Morogoro. Kiwanda cha kuvalisha watu miguuni kilikuwa chenyewe kimevalishwa nguo ya nchi nyingine.

Dakawa pia ina jina lake katika historia ya vitambaa, ingawa wengi wanaopita kwa basi hawajui. Mwaka 1982 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini eneo hapa, kuongezea lile la Mazimbu mjini Morogoro ambako shule ya Solomon Mahlangu ilikuwa imeshaanza. Kambi ya Dakawa ilikua ikawa makazi kamili, na miongoni mwa shughuli zake, kwa msaada wa Waswidi, zilikuwamo ufumaji na uchapaji wa vitambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi walipoanza kurejea kwao, mradi huo ulihamia Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda, katika Rasi ya Mashariki. Uliondoka na jina lake, ukaendelea kuitwa Dakawa. Kwa hiyo kule kusini kuna watu waliojifunza kufuma na kuchapa vitambaa kwenye karakana ya Dakawa bila kuwahi kuuona Mto Wami.

Turudi kwenye mavuno. Kombaini zinapoingia majarubani na magunia kuanza kupangwa kando ya barabara, biashara ya vitenge huamka. Tangu 14 Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari ambayo kwa basi huchukua kama saa 4 imeshuka chini ya saa 2. Mama muuza vitenge anaweza kutoka Morogoro alfajiri, akazunguka Kariakoo, na jioni akawa amerudi na mzigo. Matokeo yake ni kwamba mchoro unaoonekana Kariakoo wiki hii huonekana Dakawa wiki hii hii. Zamani ulichukua msimu mzima.

Wauzaji hutofautisha vitenge kwa majina: waksi, java, Hitarget ya Wachina, na vile vya Kongo na Ghana. Asili ya waksi ni safari ndefu. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, na kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, bado inavichapa kwa soko la Afrika. Kwa mvaaji wa Dakawa jambo la maana ni tofauti za mkononi. Waksi halisi huonekana sawa pande zote mbili, na huwa na vijimistari vilivyopasuka ndani ya rangi. Ya kuiga ina upande mmoja uliopauka. Ya kuiga si mbaya kwa gauni la kushindia. Ila mtu asilipishwe bei ya waksi.

Kitenge cha pamba kiloweshwe kabla ya kukatwa. Kina wanga unaokipa ukakamavu dukani, na kikifuliwa hulegea na kurudi ndani. Mteja aliyeshonewa gauni la kumkaa barabara bila kitambaa kuloweshwa atalifua mara moja na baada ya hapo atalirithisha kwa mdogo wake. Kulowesha usiku mmoja kwenye maji yenye chumvi kidogo kunatosha, na chumvi wanawake wengi huitumia wakiamini inasaidia rangi isichuje.

Halafu mchoro. Picha za mishono zinazosambazwa kwenye simu humwonyesha mwanamitindo aliyevaa ua moja kubwa katikati ya kifua, na mama anampelekea fundi picha hiyo pamoja na kitambaa chenye ndege. Ndege wana miguu na vichwa. Kitambaa kikikunjwa kwa uchumi, upande mmoja ndege watasimama na upande wa pili watakuwa wameanguka kichwa chini. Kitambaa chenye mchoro wa kuelekea upande mmoja huhitaji yadi moja zaidi ili fundi aipange michoro yote ielekee juu, na mteja anayekataa kununua yadi hiyo hana haki ya kulalamika. Maua makubwa sana nayo yana adabu yake. Fundi mzuri huyaweka begani au kwenye pindo, au huyakutanisha sawasawa kwenye mshono wa katikati. Fundi mvivu huyaacha yakae yalipoangukia, na mara nyingi huangukia pale ambapo mwenye gauni asingependa macho yaelekezwe.

Mitindo yenyewe inayoombwa sana kwenye vyerehani vya barabarani ni michache: gauni la samaki kwa bibi harusi na wapambe wake, mikono ya puto, bega moja wazi, na gauni la solo la kwenda nalo popote. Mikono ya puto hupendeza kwa waksi kwa kuwa waksi husimama, lakini kwa shifoni hulala kama imechoka. Mwenye mabega mapana apunguze puto na aongeze shingo ya pembetatu. Mwenye umbo dogo achague michoro midogo, vinginevyo kitenge kitamvaa yeye. Gauni la samaki ni la sherehe ya kukaa na kucheza polepole, na anayejua kwamba usiku ataitwa kuserebuka amwambie fundi aanzie mkia chini ya goti na aweke mpasuo nyuma.

Kuhusu sare, mtu anaweza kupoteza marafiki. Desturi ya kamati ya harusi, ya kitchen party na ya sendofu kuamua kitambaa kimoja kwa wageni wote imekuwa na nguvu kuliko mtindo wowote. Siku ya Wanawake, 8 Machi, huongeza sare nyingine, na kikundi cha vikoba huongeza yake. Mwanamke mwenye ndugu wengi anaweza kumaliza mwaka akiwa na magauni mengi ambayo hakuchagua hata moja. Lakini lawama zote zisielekezwe kwenye desturi. Kitambaa kimoja kwenye miili 40 ni mtihani wa mafundi ambao hakuna jukwaa la Paris linaloutoa, na ndipo hujulikana nani anajua kukata. Wanaoishi na desturi hii kwa akili hushona sare katika vipande viwili, blauzi na sketi, ili baada ya harusi sketi ivaliwe na blauzi nyeupe na blauzi ivaliwe na suruali ya jinzi. Huo ndio ushauri bora wa mtindo uliopatikana katika wilaya hii kwa miaka ya karibuni, na haukutoka kwa mbunifu yeyote mwenye jina.

Wabunifu wenye majina wapo, na kazi yao si ya kupuuzwa. Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008 Dar es Salaam, na jukwaa hilo limewatoa wengi. Mwaka mmoja kabla yake Flaviana Matata alisimama kwenye Miss Universe akiwakilisha Tanzania akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Kipara hicho kiliwapa wasichana wengi ruhusa waliyokuwa wakiingoja, na mwanamke wa Dakawa anayenyoa kila Oktoba kwa ajili ya joto hahitaji tena kujieleza.

Kipupwe kinaleta habari ya mlimani. Wilaya moja ya Mvomero ina tambarare ya Dakawa na pia ina Mgeta, huko juu Uluguru, ambako kabichi na viazi hustawi na watu huota moto jioni. Kilele cha Uluguru kinapita mita 2,600. Mama wa Nyandira, huko Mgeta, na mama wa Dakawa wana mbunge na mkuu wa wilaya mmoja, ila Julai hawawezi kuazimana nguo. Hapa mitumba inafanya kazi ambayo kiwanda chochote cha nchini hakijaifanya: makoti ya Ulaya, yaliyoshonwa kwa baridi ya kweli, hupata maisha ya pili mlimani. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuyaondoa mabelo ya mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, na Rwanda pekee ndiyo iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Mabelo yanaendelea kufunguliwa.

Kwa Dakawa yenyewe koti zito ni mzigo. Saa 12 asubuhi linafaa, saa 4 tayari limening'inizwa mkononi. Kinachofaa ni tabaka: sweta nyepesi ya vifungo au jaketi ya jinzi juu ya gauni la kitenge lisilo na mikono mirefu, vikivuliwa kadiri jua linavyopanda. Jaketi ya jinzi ichaguliwe fupi, ikomee kiunoni, ili marinda yaonekane. Jioni mambo hugeuka tena, kwa sababu kijiji cha mpunga ni kijiji cha mbu, na mikono mirefu ya kitambaa chepesi ni kinga pamoja na pambo.

Agosti huja na Nanenane. Maonesho ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro, katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, na ijapokuwa yanaitwa ya wakulima, anayetaka kuona wanawake wa mkoa mzima wanavaa nini mwaka huo akae kwenye lango kuu kwa nusu saa. Wa Mgeta hushuka na makoti yao, wa Turiani na Dakawa huja na vitenge vipya vya mavuno, akina mama wa Kimaasai hupita na shanga zinazozidi ufundi wa banda lolote la mapambo. Kiwanja ni kikubwa na kina vumbi, kwa hiyo viatu viwe vya chini vyenye mkanda wa kisigino, na kilemba kiwe cha pamba, kifungwe chini kidogo ya paji la uso kinyonye jasho. Kwa anayekwenda kwa bodaboda, kilemba kirefu kiwekwe kwenye kikapu mpaka afike, kwani kofia ngumu haiwezi kukaa juu yake.

Mafundi wa barabarani hujaa kazi kuanzia wiki ya pili ya Julai. Anayetaka gauni la Nanenane apeleke kitambaa kilichokwisha kuloweshwa kabla ya hapo, aache bitana na zipu mkononi mwa fundi, apimwe akiwa amevaa ile skintaiti atakayovaa siku yenyewe, na akiulizwa sherehe ni lini, ataje siku tatu kabla ya ile ya kweli.